Baraka ya Saa Moja

Wale ahali zangu wa Mudzipela, hapa Bunia, wanaonung'unikia usafiri wa anga yafaa watubu, kwani hakuna safari iliyojaaliwa baraka kama ile ya Entebbe hadi Bunia: masafa ya kilomita 300 hivi kwa mstari ulionyooka, yapata saa moja kwa ndege ndogo, na kwa kuwa saa ya huku kwetu Ituri iko nyuma ya saa ya Uganda kwa saa moja kamili, abiria aliyeruka saa nne asubuhi hutua saa nne ile ile, kana kwamba hakusafiri wala hakuzeeka. Kwenda Entebbe, naam, saa hiyo hulipwa. Deni ni deni.

Ama mimi nilitunukiwa zaidi: niliitwa uwanjani alfajiri niende Entebbe, nikapandishwa mizani pamoja na begi langu mbele ya hadhara, kisha nikaachiwa benchi hadi alasiri nipate kutafakari wepesi wa safari. "Papa, ndege iko njiani," kijana alinifariji mara ya tano, kwa adabu njema. Nikasadiki, kobe naye yuko njiani. Magharibi nilirejea Mudzipela kwa pikipiki, nikiwa nimeiokoa ile saa moja ambayo Entebbe ingeninyang'anya.