Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Karakana Yetu Bado Safi

Kumb. Na.: (masjala walikuwa wamekwenda kunywa chai)

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri yetu tukufu,
S.L.P. mnalijua wenyewe.

YAH: PONGEZI KWA KUJENGA KARAKANA YA UMMA ISIYOCHAFUKA

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni mafundi tuliokuwa tukifanya kazi chini ya miti ya mikungu, kando ya uwanja wa mnada: wachomelea mageti, maseremala, wafua majiko, vijana wa simu, na mama mmoja anayeunda mashine za kupukuchulia mahindi kwa chuma chakavu. Tunakuandikia hadharani kwa sababu sanduku la maoni liko ndani ya karakana, na karakana kila tukifika tunaikuta imefungwa.

Kwanza, pongezi. Tumezunguka karakana nyingi katika maisha yetu ya ufundi, za misheni, za reli, za watu binafsi, na hatujapata kuona yenye sakafu ya vigae vyeupe. Wengine humwaga zege nene, wakijua kwamba chuma kina tabia ya kudondoka. Ninyi mmeamini kwamba hapa hakitadondoka, na mpaka leo mmepatia. Hakuna tone la oili wala chembe ya vumbi la msumeno. Mgeni rasmi alipokata utepe alisema jengo linang'aa, na sisi tuliosimama nyuma ya kamba tulipiga makofi, maana ni kweli. Linang'aa hadi sasa.

Vilevile tunashukuru kwa namna mlivyotafuta kiwanja. Mngeweza kujenga popote, lakini mkachagua palepale chini ya mikungu, kwenye vivuli vyetu. Tulihamishwa ili kupisha mradi wa kuwainua mafundi. Mgambo walikuja alfajiri wakabeba vitendea kazi, wakavipeleka kwenye yadi ya halmashauri, na wiki iliyofuata bango likasimikwa: KARAKANA SHIRIKISHI YA WABUNIFU. Ni mara chache mradi kumfikia mlengwa kwa kasi namna hiyo.

Tuje kwenye vifaa. Mmenunua mashine ya kukerezea vyuma, kubwa, ya kisasa, tunaiheshimu. Inataka umeme wa fezi tatu, volti 400. Laini iliyoingia kwenye jengo ni ya fezi moja, volti 230, ileile ya kuwashia taa na feni. Mota ya namna ile haizunguki kwa fezi moja, hata mgeni rasmi akiiamuru. Inahitajika laini ya fezi tatu kutoka kwenye transfoma, au kifaa cha kubadili umeme chenye uwezo wa kubeba mzigo huo, na gharama zote mbili huandikwa kwenye bajeti kabla ya kununua mashine. Kwa sasa mashine imo ndani ya kreti yake ya mbao, na siku ya uzinduzi tulichungulia dirishani tukaona kreti ikitumika kuwekea soda. Mbao za kreti hiyo ni nzuri. Seremala wetu mmoja ameziulizia.

Ipo pia mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, tabaka juu ya tabaka. Hatuna ugomvi nayo. Huko Lomé, Togo, mwaka 2013, kijana aitwaye Afate Gnikou aliunda yake kwa mabaki ya kompyuta na skana zilizotupwa, ndani ya karakana ya watu wa mtaani. Ya kwenu imekuja ikiwa nzima pamoja na bunda moja la uzi wa plastiki, na bunda hilo liliisha likichapa vishikio vya funguo vyenye cheo cha mgeni rasmi. Kifungu cha kununulia uzi mwingine hakipo, kwa kuwa vifaa vinavyokwisha vikitumika ni matumizi ya kawaida, na huu ni mradi wa maendeleo. Kwa hesabu hiyo hamna msasa, hamna diski za grinda, hamna vijiti vya kuchomelea wala misumari. Mtu akitaka kukata bomba aje na diski yake, na akija na diski yake akute grinda haipo, kwa sababu grinda zote za mji huu ziko kwenye yadi yenu.

Lakini kinachotusumbua zaidi ni jiliwa. Ndugu Mkurugenzi, ndani ya jengo lile hamna hata jiliwa moja.

Tunajua haliwezi kupendeza kwenye picha. Ni kipande cha chuma chenye meno mawili na mkono wa kuzungusha. Ila muulize fundi yeyote aliyekata nondo akiikanyaga kwa mguu uliovaa kandambili, akuonyeshe kidole cha mguu kilichobaki. Jiliwa ndilo linaloshika kazi ili mikono yote miwili iwe huru. Hulifungi juu ya meza ya mikutano; unataka meza ya mbao nzito, boliti zinazopenya hadi chini, miguu iliyokitwa sakafuni, na meno yake yafike usawa wa kiwiko cha anayepiga tupa, vinginevyo mgongo unalia kabla ya adhuhuri. Mkifunga manne, moja liwe chini zaidi kwa ajili ya anayefanya kazi akiwa kwenye kiti cha magurudumu, maana naye alipigwa picha siku ya uzinduzi. Tumesikia jiliwa halikuingia kwenye orodha kwa kuwa bei yake ni ndogo mno kuitishia kikao. Tunaliona tatizo. Tuko radhi mlinunue kwa bei kubwa zaidi.

Mpangilio wa ndani nao umetushangaza. Seremala na mchomeleaji mmewapa chumba kimoja, labda kwa ajili ya mshikamano wa kitaifa. Cheche za grinda huruka mita kadhaa, zikatulia ndani ya rundo la unga wa mbao, na moto ukafuka polepole watu wakiwa wameshalala. Mtungi wa kuzimia moto upo, tunakiri. Upo ofisini kwa msimamizi, umefungiwa kabatini usiibiwe. Msimamizi mwenyewe ni Afisa Tehama, kijana mpole, aliyehamishiwa hapo kwa sababu neno "ubunifu" lilionekana kuhusiana na kompyuta. Alitusalimia vizuri akatuomba tumwonyeshe patasi ni ipi.

Karakana hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, kama ofisi nyingine za umma. Saa hizo sisi tuko kwa wateja tukitafuta hela ya ugali. Anayetaka kujaribu kitu kipya, au kukunja bati ambalo vifaa vyake haviwezi, hupata nafasi jioni na Jumamosi. Kuhusu fomu ya uanachama, tumeisoma yote: leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, barua ya mtendaji wa mtaa, wadhamini wawili ambao ni watumishi wa umma, na cheti cha ufundi. Hayo yote ili mtu atoboe tundu kwa keekee. VETA wenyewe, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza mtaani na kumpa cheti kwa anachokijua. Mngeweza kuwakaribisha waje kupimia watu humohumo karakanani. Ila watachafua vigae.

Tunafahamu kwamba wajumbe walikwenda nje kujifunza. Safari njema hujaza albamu, na albamu tumeiona. Maabara zile za kuundia vitu mlizopiga nazo picha zilianzia kwenye kazi ya Neil Gershenfeld wa chuo cha MIT, Marekani. Ya kwanza nje ya chuo ilifunguliwa mwaka 2003 katika kituo cha jamii mjini Boston, na mwaka uliofuata ikafuata ya Takoradi, Ghana. Zina mkataba wa maneno machache unaobandikwa ukutani: usimwumize mtu wala mashine, saidia kufagia na kutunza, na unachokijua mfundishe mwenzako. Mashine mmezileta kwa kontena. Karatasi hiyo ingeenea kwenye mfuko wa shati.

Halafu mlipita juu ya Ghana kwa ndege bila kushuka. Kumasi kuna Suame Magazine, mtaa mkubwa wa mafundi wa magari na vyuma. Mwaka 1980 chuo kikuu cha pale kilifungua kituo chake katikati ya mtaa ule, mashine zikakaa karibu na wanaozihitaji, na fundi aliyezizoea akaweza kuchukua ya kwake kwa malipo ya kidogokidogo. Wala si lazima kwenda Ghana. SIDO, shirika letu la viwanda vidogo, ilianzishwa mwaka 1973, nayo ilikuwa na mpango wa kuwakopesha watu mashine wakalipa kwa awamu. Wazee waliozitumia wapo hapa mjini. Nauli yao kuja kikaoni ni daladala moja.

Na mikopo je? Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, na tunashukuru. Hapa kwetu vikundi vya mafundi vilivyokopa vimenunua kitu kilekile: mashine ya kuchomelea, kila kikundi ya kwake. Mji mzima sasa unaweza kuchomelea kwa wakati mmoja, na hakuna hata kikundi kimoja chenye mashine ya kukunjia bati. Hiyo ndiyo kazi tuliyodhani karakana shirikishi imeumbiwa: kuweka kile ambacho mmoja hawezi kukinunua na wote wanakihitaji kwa saa chache kwa wiki. Chini ya mikungu tulikuwa tumeanza. Mwenye keekee ya mezani alitobolea wengine, mwenye fuawe aliiazimisha bure, na anayevunja alilipa, bila fomu. Kijana aliyekuja kushika taa alijifunza kazi akiwa anashika taa. Bango hatukuwa nalo, hilo tunakubali, na pengine ndiyo sababu mliliona eneo kuwa tupu.

Ombi letu halihitaji zabuni. Vifaa vya kuanzia mnavyo tayari. Viko kwenye yadi: majiliwa, fuawe, grinda, mashine za kuchomelea, randa, misumeno, koleo na nyundo za kila uzito, vyote vimekwishafanyiwa majaribio na wataalamu. Kutoka yadi hadi karakana ni kuvuka uzio. Tunapendekeza Jumamosi. Tutabeba wenyewe, meza tutaunda kwa mbao za ile kreti, na vigae tutavifunika kwa turubai ili mgeni rasmi mwingine avikute vilivyo. Anayetakiwa kuwepo ni mwenye ufunguo, popote alipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Mafundi wa Mikunguni (waliopisha mradi)

Nakala:
Afisa Mipango, kwa taarifa.
Afisa Manunuzi, asome pale kwenye jiliwa mara mbili.
Mgambo wa zamu ya usiku, kwa utekelezaji: ile grinda yenye utepe mwekundu kwenye waya ina mwenyewe, na tumeisikia ikilia nyumbani kwako.