Makuti ya Dola

Mama yangu alizaliwa Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, katika nyumba ya makuti iliyovuja kila masika. Kilimo cha mwani kilipoingia pwani ile mwaka 1989, naye akakamata vigingi na kamba, akawa anashinda maji ya magoti juani tangu yanapokupwa mpaka yanapojaa. Shilingi za mwani ndizo zilizomnunulia bati. Siku msumari wa mwisho ulipopigwa alisomesha maulidi. Sasa mfikirie mtu huyo anateremshwa garini mbele ya vila ya kifahari, ananyanyua macho na kuona makuti.

"Masikini," akasema, "hawa nao hawajajaliwa."

Aliyelipia ni mdogo wangu anayefanya kazi Muscat. Bei alitufichia, lakini ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Kiingereza Mama hakijui, tarakimu anazijua kuliko mimi. Akaniuliza kama ile ni bei ya kuinunua nyumba. Nilipomwambia ni ya usiku mmoja akavua viatu, na tangu hapo mle ndani akawa anatembea kwa ncha za vidole.

Kijana wa mapokezi, kwa namna alivyofundishwa, alitulaki kwa mikono miwili hewani: "Jambo! Jambo! Hakuna matata!"

"Sijambo, baba. Mtoto wa nani wewe?"

Tabasamu la kazini likamtoka palepale. "Shikamoo, bibi. Mimi wa hapo Jambiani Kibigija." Maswali mawili zaidi, ikabainika kuwa bibi yake aliyemzaa mama yake alikuwa akifunga mwani jirani na Mama. Basi mgeni wa daraja la juu akageuka bibi mtu, na yule kijana akawa kila apitapo anaulizwa kama amekula na kwa nini hajaoa.

Kitandani tulikuta maua yaliyomwagwa, na katikati taulo zilizokunjwa zikawa mabata wawili wanaobusiana. Mama alikataa katakata wasikunjuliwe. Kazi ya mtu ile, mtu kakaa chini akaihangaikia, leo uje uifutie miguu? Mabata wakahamishiwa juu ya kochi, sisi tukajifutia kanga mpaka siku ya kuondoka.

Bafu lilikuwa halina paa. Kitabu cha maelezo kilisifu raha ya kuoga chini ya mbingu. Mama akaniuliza kama wanajua kwamba kwao alioga chini ya mbingu hiyohiyo utoto wake wote, uani, bila kulipa hata senti. Hata hivyo akajitosa. Ukutani akatua kunguru. Ndege hawa waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale taka za mji, na kama wangeishia kwenye taka pasingekuwa na neno. Huyu alimtazama Mama kwa utulivu, akasubiri afumbe macho kwa ajili ya povu, akaondoka na sabuni. Ilikuwa sabuni ya mwani.

Halafu suala la kopo. Chooni kulikuwa na karatasi laini za kila aina na hakuna tone la maji isipokuwa yale ya kusafishia choo. Mama akampigia mjukuu wake mpya simu ya mapokezi. Kopo hoteli nzima halikupatikana. Yale majumba ya anasa hayanunui vitu vya namna hiyo. Lakini kijana hakutaka kumwangusha bibi, akaleta ndoo ya kupozea mvinyo, inang'aa, ina vishikio viwili vyenye nakshi. Ikakaa chooni siku zote zile. Nani aliitumia baada yetu, na kwa kazi gani, mimi sitaki kufuatilia.

Bahari nayo ilikuwa imeondoka. Katika picha za matangazo maji ya buluu yanalamba ngazi za vila. Sisi tulikuta mchanga, majani na mitumbwi iliyolala ubavu. Tulifika bamvua, mwezi mpevu. Wakati huo maji hushuka karibu mita 4, na kwa kuwa ndani ya mwamba pwani ile ni tambarare, bahari hujiondokea hata zaidi ya kilomita. Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa mapokezi na miwani yake ya kupigia mbizi, anataka kujua itarudishwa saa ngapi. Alipoambiwa kwamba ni mambo ya mwezi akaomba kuonana na meneja.

Mama alikuwa mtu pekee pale ndani aliyefurahi. Maji kupwa ndiyo saa ya pweza. Akapandisha kanga, akaokota kijiti na kwenda zake mwambani pamoja na wanawake wa kijijini, na nilipoamka usingizi wa mchana nikaambiwa kuna tatizo getini.

Askari alikuwa amemzuia. Mwanamke amelowa hadi kiunoni, hana viatu, pweza ananing'inia mkononi. "Mama, wauza pweza mlango wa nyuma," akamwelekeza, tena kwa heshima zote. Mama hakubishana. Kadi ya mlango alikuwa nayo, imefungwa kwenye pindo la kanga, lakini aliona biashara imejileta yenyewe. Akazunguka jikoni, akapatana na mpishi, akapokea shilingi zake taslimu, ndipo akarudi getini, akafungua fundo na kumwonyesha askari ile kadi. Masikini kijana alipiga saluti mbili.

Usiku tukaletewa orodha ya vyakula. Pweza wa siku hiyo, aliyevuliwa kienyeji. Mama akaagiza. Ikaja sahani pana inayoweza kubeba pilau ya watu wanne, na katikati yake vipande vitatu na jani moja la kotimiri. Akavigeuza kwa uma, akavikagua, akamtambua.

"Nimewauzia mzima kwa shilingi," akasema, "wananirudishia ncha ya mkono kwa dola." Kisha akavila vyote, na akakiri vimepikwa vizuri.

Nawe ukijaliwa ndugu mkarimu wa kukulipia, kabla hajatuma pesa tazama mwezi. Ukitaka kuogelea pwani ya mashariki mchana kutwa, omba siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Ukitaka pweza, nenda bamvua. Na kopo, beba la kwako.