Nasoma Ng'ambo ya Daraja

Kuna watu wanasoma nje ya nchi, halafu kuna sisi. Wenzetu wanapanda ndege, wanatuma picha za theluji, na wakirudi Kyela wanachinjiwa mbuzi. Sisi tunapanda bodaboda hadi mpakani Kasumulu, tunagongewa muhuri, tunavuka daraja la mto Songwe kwa miguu, na hapo tayari tuko ughaibuni. Mimi nikirudi nyumbani Njisi likizo sichinjiwi hata kuku. Naoneshwa jembe lilipo na palizi ya mpunga ilipofikia.

Chuo changu kiko Mzuzu, kaskazini mwa Malawi. Kutoka darajani ni kama kilomita 50 hadi Karonga, halafu zaidi ya 200 nyingine, pamoja na zile kona za Chiweta ambako basi zima huwa kimya na hata mhubiri aliyepandia Karonga husitisha mahubiri akashika kiti. Umbali huo ndio unaoniua. Ningekuwa China, nani angenituma? Ningekuwa Mbeya, ningeenda nyumbani Jumamosi nikamaliza mambo. Mzuzu ni mbali kiasi cha kudaiwa kibali cha mwanafunzi, na ni karibu kiasi cha shangazi kunitumia ndoo.

Tazama wiki iliyopita. Nilikuwa na jaribio la takwimu Jumatano, prezentesheni ya kikundi Alhamisi, na asaimenti ambazo hata nilikuwa sijazifungua. Mwanafunzi wa kawaida angesema wiki imejaa. Ya kwangu ilikuwa haijaanza kujaa. Jumatatu simu ikaita gizani: mama. Kwake ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, saa ya watu waungwana kuamka. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo huku ilikuwa saa kumi, na takwimu ndiyo kwanza zilikuwa zimeniachia nilale.

"Bado umelala, mwanangu? Sasa huko mnasoma saa ngapi?"

Habari ya tofauti ya saa nimemweleza mpaka nimechoka. Anasema saa ni saa. Lakini simu yake mwenyewe usiku hunasa mnara wa Malawi, ikajirudisha nyuma saa moja, na Jumapili akachelewa kwaya. Ule ujumbe wa kumkaribisha Malawi nao humkuta amejifunika shuka palepale Njisi. Ndiyo maana habari zangu za ughaibuni hazimtishi. "Huko hata mimi nafika," huniambia.

Alichonipigia ni kwamba shangazi ametuma mzigo: mchele, mkungu wa ndizi na ndoo ya mawese. Mchele ni wa mama mwenye nyumba wangu, eti asije akanifukuza. Ndizi ni za binti wa rafiki yake shangazi aliyeolewa huku, ambaye sijawahi kumwona na ambaye anakaa upande wa mji nisioufahamu. Mawese ndiyo yangu. Nipokee stendi kesho, saa nne.

Nikaacha lekcha, saa nne asubuhi nikawa stendi. Basi hakuna. Saa sita hakuna. Kumbe kondakta alimtajia shangazi saa 4 kwa hesabu ya kizungu, naye akampa mama namba kama alivyoipokea. Basi liliingia saa kumi jioni. Ndoo ilikuwa imefunikwa kwa mfuko wa nailoni na kukazwa na mpira wa baiskeli, ufundi wa shangazi mwenyewe, na ufundi huo ulihimili hadi Chiweta. Niliibeba begani, na begi la madaftari nimelining'iniza upande uleule. Nilipofika chumbani, notisi za takwimu zilikuwa za rangi ya machungwa. Karatasi ikilowa mawese huwa inaonesha hadi upande wa pili, kwa hiyo nilisoma wastani na uwezekano kwa pamoja, mmoja umepinduka juu ya mwingine. Jaribio nimelifanya. Matokeo bado, na sipendi kuulizwa.

Nakumbuka Machi 2025, Malawi ilipozuia mchele, ndizi na vyakula vingine kutoka nje, halafu Aprili Tanzania nayo ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi. Wafanyabiashara wa Kyela walilia, na walikuwa na haki ya kulia, maana ndizi haisubiri mawaziri wakae kikao. Mimi moyoni nilisema afadhali nipumzike kidogo. Mwanzoni mwa Mei Tanzania ikaondoa zuio lake. Shangazi akapiga simu siku hiyohiyo.

Upande wa pili nao hawana huruma. Mafuta ya gari Malawi yamekuwa shida ya muda mrefu, foleni za vituoni mnazijua, na kwa mwenye nyumba wangu Mtanzania ni mtu mwenye petroli. Kila nikifunga begi kwenda nyumbani anatokea mlangoni na dumu tupu. Nimemwambia kubeba petroli chini ya kiti cha basi ni magendo, tena ni kutaka kutuunguza wote. Anasema basi lete dumu dogo. Wanafunzi wenzangu wao wanataka simu na viatu vya Kariakoo, wakidhani Kariakoo ni soko la hapo Kyela mjini. Nimewachorea ramani. Wameitazama, wakanipa saizi za viatu.

Na Novemba 2023, kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44, mjomba wangu, ambaye huuza mpunga kwa Wamalawi na alikuwa ameweka kwacha zake sandukuni, alinipigia kuuliza kwa nini tumefanya hivyo. Sisi! Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza, sina hata hela ya nauli, tayari nimeshakuwa gavana.

Alhamisi ndiyo ikaja prezentesheni. Mada ilikuwa usipa, dagaa wetu wa ziwani, samaki asiye na ugomvi na mtu. Tulikwama kwenye ukurasa wa kwanza. Mimi niliandika Ziwa Nyasa, mwenzangu akafuta akaandika Ziwa Malawi, nikafuta. Ugomvi huu una umri mkubwa kuliko babu zetu; ulianzia kwenye mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, ukapamba moto tena 2012, na marais wastaafu walioongozwa na Joaquim Chissano walijaribu kuusuluhisha bila kuumaliza. Kikundi chetu kilipewa dakika kumi na tano. Mmoja akaniambia kwamba kwa kuwa mpaka wao wanauhesabu ufukweni, bibi yangu akiosha sufuria pale Matema anakuwa ameingia Malawi bila pasipoti. Nikamjibu kwamba sufuria hizo ndizo zinazopika mchele uleule anaokula kwa mama mwenye nyumba wangu. Tukapita mbele tukiwa tumeandika "Ziwa" peke yake. Mhadhiri akauliza ziwa gani. Hakuna aliyejibu, na maksi zikakatwa.

Ijumaa jioni ndipo nilipofungua zile asaimenti. Simu ikaita. Binamu yangu yuko Kasumulu na wabadilisha fedha wamemzunguka, anataka nimwambie, mimi niliyeko kilomita 250 na ushee kutoka hapo, kama bei wanayompa ni halali.

Kwa hiyo natangaza kwa ukoo mzima, na majirani wa Njisi mnisikie. Mwisho wa mwezi nina mitihani, na sitaki kudisko kwa sababu ya mkungu wa ndizi. Mzigo wowote utakaofika kabla ya hapo utabaki stendi kwa gharama ya aliyeutuma. Wa kunipigia, apige baada ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa saa za Malawi. Na yule dada mwenye ndizi zake afike achukue mwenyewe. Zimeiva, na chumba kizima kimejaa nzi.