Mheshimiwa, Siku Hizi Mshipi Unatoboa Samaki Ubavu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Uvuvi,
Ofisini kwako, ghorofa ya juu.

MINT: OMBI LA SARE, FILIMBI NA POSHO YA CHINI YA MAJI

Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima na kiyoyozi chako nacho kizima. Huku kusini mwa Mombasa sisi hatujambo. Wenye jambo ni samaki.

Kwanza pokea pongezi. Tarehe 9 Novemba 2001 Gazeti Rasmi la Serikali lilitangaza kwamba bunduki ya samaki ni marufuku, na juya vilevile. Tangazo lenyewe ni zuri, na huku ufukweni kwetu halijachakaa hata kidogo, maana halijaguswa.

Mwenzangu wa kuzamia analijua. Tena ni mtu wa sheria huyu: akipanda bodaboda huvaa helmeti, na ushuru wa soko huulipa kabla hajadaiwa. Ila maji yakimfika kifuani, uraia humtoka. Nimemwambia mara nyingi kwamba bunduki imekatazwa. Hunijibu, "Wee bwana, gazeti ni karatasi, na karatasi ikilowa haisomeki."

Silaha yenyewe ukiiona utacheka. Ni mti, mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya lori, msumari wa kufyatulia na chuma kilichonolewa juu ya saruji. Vikiwa nchi kavu, viungo hivi havijuani. Mti ni mkongojo, mipira ni mshipi wa suruali, chuma kimelala chini ya ngalawa ya mtu mwingine. Afisa wako akipita atamkuta mtu mzima anayechechemea, na hakuna kifungu kinachokataza kuchechemea.

Utaniuliza, basi kwa nini usimwache? Mheshimiwa, sisi mitungi ya hewa hatuna. Tunazamia kwa pumzi, na mzamia pumzi haendi peke yake. Ukifika mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo hata oksijeni kidogo iliyobaki mapafuni inaendelea kuingia kwenye damu, nawe unajiona bado una nguvu. Ukipanda, mgandamizo unapungua na oksijeni inaanguka ghafla. Ndiyo maana wengi huzimia karibu kabisa na uso wa maji, na wengine huzimia wakiwa wameshatoa kichwa nje. Anayezimia hapigi kelele wala hatapitapi. Kinga yake ni mwenzake awe juu, amkodolee macho mpaka aibuke, na aendelee kumkodolea nusu dakika nyingine.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ofisi yako ina shahidi wa macho pwani hii, naye ni mimi. Kila kosa nalishuhudia mwanzo mpaka mwisho, na kufumba macho siruhusiwi, kwa sababu nikifumba mtu anaweza kufa. Kisha zamu yangu inafika. Nashuka na kijiti changu cha pweza, na anayenilinda huko juu ni yule yule niliyetoka kumtisha kwamba nitamshtaki. Jaribu wewe kumsomea mtu kifungu cha sheria halafu umkabidhi roho yako.

Hebu nikuonyeshe jinsi kazi inavyokwenda. Tewa mkubwa hakimbii. Hukaa mlangoni mwa pango lake, mdomo wazi, anamtazama mgeni kwa udadisi. Mwenzangu hulala kifudifudi mchangani, hungoja, kisha husikika "tak" moja tu. Chuma hupita ubavuni, hutokea upande wa pili na kumega kipande cha matumbawe. Damu hutoka na rangi ya kijani, kwa kuwa wekundu wa jua haufiki vizuri huko. Na tewa huanza maisha akiwa jike. Wachache wakishakua sana ndio hugeuka madume. Mtu anayechagua mkubwa kila siku anaacha ukoo wa wajane. Akikosa tewa humpiga kikande, ambaye hata si chakula kizuri sana, lakini ndiye anayewala wale viumbe wa miiba myeusi wanaotuchoma nyayo. Kikande akiisha, miiba huzaana, na mwamba hukwanguliwa mpaka ukabaki mawe.

Tukifika nchi kavu ndipo maajabu huanza. Samaki hupelekwa kwenye mzani na karani hushika fomu. Fomu ina safu ya mshipi, ya malema na ya nyavu. Tewa ana tundu ubavuni linalopitisha kidole gumba. Karani hulitazama tundu, humtazama mwenzangu, kisha huandika "mshipi". Halafu huchukua ndoana ya mzani na kuipitisha kwenye tundu lile lile ili amtundike samaki. Kusema haki, ndoana imehusika.

Fomu hizo hupanda ngazi mpaka mezani kwako, na najua unazisoma kwa furaha: bunduki sifuri! Lakini tazama vizuri safu ya mshipi. Utamkuta pono. Pono, Mheshimiwa, hukwangua mwani kwenye miamba, na chambo chako hana habari nacho. Leo amejaa kwenye fomu kana kwamba ameanza kupenda ndoana uzeeni.

Sikuandikii ili mwenzangu akamatwe. Chombo na nyavu halali vinataka mtaji. Bunduki inataka tyubu kuukuu. Kumwambia maskini aweke chini silaha yake ni rahisi, lakini tangu tuanze kuzamia pamoja sijaona mtu aliyekuja kumuuliza atavua na nini badala yake. Mwaka 2018 dunia nzima ilikutana kujadili uchumi wa buluu, tena Nairobi, mamia ya kilomita kutoka baharini. Mwenzangu hakualikwa. Siku hizo alikuwa na shughuli za buluu.

Ombi langu ni hili. Kwa kuwa utekelezaji wa sheria umeniangukia mimi, naomba sare isiyopitisha maji, posho, na filimbi, ingawa sijui mtu aliyebana pumzi huipulizaje. Naomba pia mzamia wa tatu, awe ananitazama mimi wakati naandika maelezo ya mashtaka.

Bajeti ikikataa, basi fomu iongezwe safu moja tu, iandikwe "bunduki". Mwenzangu ameahidi kusema kweli siku atakayoulizwa. Anadai hajawahi kuidanganya serikali. Karani ndiye humjibia kabla hajafungua mdomo.

Tafadhali jibu kabla kaskazi haijaingia. Maji yatakuwa safi, mwamba utaonekana wote, na tyubu mpya ameshainunua.

Wako mtiifu,
Mtazamaji asiye na mshahara