Namna ya Kusafirisha Nyama ya Pori kwa Ndege Kutoka Kasungami

Kwanza, itoe ndani ya valizi. Ndiyo, hiyo uliyoifunga kwa gazeti, ukaitia kwenye mfuko, ukaufunika kwa kitenge na kuulaza chini ya viatu. Iweke mezani, songa bukari, ita majirani. Safari ya nyama ya pori inayotoka Kasungami, mtaa wetu wa Lubumbashi, iishie hapo, hatua kumi tu kutoka jikoni.

Mama, najua. Mtoto yuko Brussels mwaka wa tano sasa, na kwenye simu hakuulizia nguo wala pesa. Aliulizia ile nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kwetu upendo wa mzazi hupimwa kwa uzito wa valizi, na mimi siudharau upendo huo. Ila valizi hiyo haitafunguliwa na mtoto wako kwanza. Itafunguliwa na watu wa duane.

Pengine itanuswa kabla hata ya kufunguliwa. Januari 2024, katika uwanja wa ndege wa Logan, Boston, mbwa anayeitwa Buddey alisimama kwenye mzigo wa msafiri aliyetoka Kongo kupitia Paris. Msafiri akasema ni samaki wakavu. Begi likafunguliwa: kima wanne waliokaushwa. Karibu kilo 4 za nyama zikatengwa ziharibiwe. Kwa hiyo hatua ya pili ni rahisi: ukisema umebeba samaki, uwe umebeba samaki.

Usidhani ukibeba nyingi utaonekana mfanyabiashara mwenye vibali. Juni 2008, katika uwanja wa Roissy-Charles de Gaulle, Paris, abiria 134 waliotoka Afrika walikaguliwa kwa muda wa siku 17. Tisa walikuwa na nyama ya pori, jumla kilo 188. Mmoja wao alibeba kilo 51 za nyama bila mzigo mwingine wowote. Hata shati la kubadilisha hakuwa nalo. Watafiti walikadiria kwamba tani 5 hivi zilikuwa zinapita uwanjani hapo kila wiki. Abiria hao wote walikuwa na mama, au shangazi, au mteja aliyekuwa akisubiri.

Sasa utaniuliza: nyama ya moshi inamdhuru nani? Hapa nakuomba utulie unisikilize, maana hili ndilo linalonichoma. Ngiri wetu hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila yeye mwenyewe kuumwa. Nguruwe wa kufugwa akivipata, hufa. Mwaka 1957 homa hiyo ilizuka karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon, na wataalamu wanaeleza kwamba nguruwe walilishwa mabaki ya chakula yaliyotoka kwenye ndege. Ikazimwa, ikarudi 1960, na Ureno na Hispania zikahangaika nayo hadi miaka ya 1990. Mabaki tu ya chakula! Na virusi hivyo huweza kukaa miezi ndani ya nyama iliyokaushwa. Ndiyo maana nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa, hata kipande cha kuonja.

Basi jaza valizi kwa vinavyopita. Msafiri anaruhusiwa kuingia huko na samaki wa matumizi yake hadi kilo 20: tafuta wakavu wazuri wa Kasenga, waliotolewa matumbo. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2, na asali ya miombo yetu haina haja ya kusifiwa na mimi.

Nyama yenyewe mngoje aje likizo aile hapa. Ila siku hiyo, kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji imetoka wapi. Ikiwa imetoka ndani ya mbuga ya Upemba au ya Kundelungu, mrudishie. Pundamilia wa mwisho wa Kongo wako Upemba, na walinzi wa mbuga ile wameuawa wakiwalinda wanyama. Mchinjie mtoto mbuzi. Mkaushe kwa moshi ukitaka, polepole, kama ulivyofundishwa na mama yako. Atakula kwa vidole vyote kumi, na hakuna mbwa atakayemnusa mlangoni isipokuwa wa jirani, anayetaka mfupa.