Leseni ya Kutazama Gor

Wapendwa wa Lambwe,

Nyanya yetu Dani anaendeleaje na goti? Mimi mzima, ila jana nililetewa barua ya vitisho kutoka kwa watu wa leseni ya televisheni. Ndiyo, leseni. Huku Uingereza kutazama televisheni ni kama kuendesha gari. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50, kama shilingi elfu 30, bei ya mtamba. Ukiwa na ile ya picha nyeusi na nyeupe, ulikuwa unalipa 58.50. Kipofu naye hasamehewi: analipa nusu. Nimetoka zamu ya usiku, nimekaa kitandani na viatu, nawaza ni nusu gani hiyo anayoiona.

Ngojeni, hamjasikia bado. Leseni inadaiwa kwa matangazo ya moja kwa moja, ya kituo chochote, hata cha ng'ambo. Kinachotazamwa wakati wowote kwenye Netflix hakiidai. Kwa hiyo naruhusiwa kukesha na Wamarekani waliovaa nguo za kubana hadi macho yavimbe, lakini timu yetu ya Gor Mahia wakionyeshwa moja kwa moja kutoka nyumbani, mimi ni mhalifu.

Ndivyo mtoto wenu, mtu mwenye ndevu, alivyogeuka bingwa wa mashujaa wa televisheni.

Yule Flash ana mbio za kushinda risasi, ila adui mmoja humchukua msimu mzima. Kila akimfikia, wanasimama kuzungumza. Ndiyo maana tamthilia yake ilidumu misimu tisa, 2014 hadi 2023. Arrow naye anajipaka kijani machoni, anavaa kofia ya koti, na dada yake wa tumbo moja hamtambui! Kwetu mtu hujulikana kwa mwendo akiwa ng'ambo ya bonde, tena usiku, na habari zimefika kwa mama yake kabla hajafika yeye.

Luke Cage ndiye niliyempenda. Risasi zinamgonga zinaanguka. Nikasema, huyu si Luanda Magere wa Harlem? Tofauti ni kwamba Magere, shujaa wa hadithi zetu, alikuwa na siri kivulini, mke akaigundua, mkuki ukachoma kivuli, hadithi ikaisha kabla ugali haujapoa. Tamthilia ya Luke Cage waliikatiza mwaka 2018, baada ya misimu miwili, bila hata matanga. Na Gor Mahia mwenyewe, yule mganga aliyeipa timu jina, wuod Ogada, wa hapo Kanyamwa tu? Wazee wanasema wakoloni walipokuja kumtafuta alikuwa anajigeuza apendavyo. Hakuhitaji kompyuta wala nguo ya kubana.

Halafu hili la kuumwa. Spider-Man anaumwa na buibui mara moja, kesho anapanda kuta. Sisi mbung'o wa Ruma wametuuma vizazi na vizazi. Nani alipata hata uwezo wa kuruka mtaro? Tulichopata ni malale.

Daredevil, wakili kipofu anayepiga watu gizani kwa kusikiliza, sina neno naye. Akihamia huku atalipa nusu.

Kinachonishinda ni ukimya. Pale kwenye kibanda cha video Sindo, DJ Afro, aliyekuwa akitangaza juu ya picha, ndiye alikuwa filamu. Waigizaji walikuwa wanamsindikiza. Huku mtu anapigwa hadi anapita ukutani na hakuna anayekueleza kwamba ameyataka mwenyewe. Juzi nikaanza kutangaza mimi, kwa sauti kamili. Jirani akagonga ukuta. Nikamtangaza na yeye.

Lakini nimesoma sheria yao yote, na redio haina leseni tangu 1971. Kwa hiyo, mdogo wangu, Jumapili Gor wakicheza nipigie simu, uiweke kando ya redio ya Dani. Ukae hapo hapo umfukuze jogoo. Salio nitakutumia. Ukinikatia dakika ya themanini kama mara ile, vile viatu ulivyoniagiza navaa mimi.