Komba wa Forodhani

Bustani ya Forodhani ilipofunguliwa upya 2009, baada ya matengenezo ya Mfuko wa Aga Khan, wanyama wa Mji Mkongwe walirudi kila mmoja na riziki yake. Paka walishika chini ya meza za mishikaki, popo wakashika mikungu, na kunguru wakashika paa la Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883.

Habari za mji zilikuwa mali ya kunguru. Kila alfajiri walitangaza: wageni wamepungua, mabaki ni machache, vumilieni. Paka wakavumilia.

Ndipo akaja komba kutoka msitu wa Jozani. Alikaa juu ya mkungu hadi taa zilipozimwa na wachomaji wakakunja meza zao, akahesabu. Vichwa vya nguru, mifupa ya kuku, ncha za pweza, vipande vya pizza vilivyoungua: ndoo tatu zilijaa, na mbili ziliishia kwenye paa la kunguru kabla paka hajanusa kitu. Akalia, na kilio cha komba ni kama cha mtoto mchanga, humwamsha hata asiyetaka. Paka wa Shangani alimpasia wa Mkunazini, wa Mkunazini akampasia wa Darajani, habari zikavuka hadi Ng'ambo. Kabla ya adhana ya alfajiri mji wote ulikuwa umeshajua. Panya wa majahazini nao wakazichukua na kusi mpaka Maskati.

Usiku uliofuata alilia tena: "Jana nilisema ndoo mbili. Nimehesabu upya, ilikuwa moja na nusu." Hapo ndipo ninapompendea komba huyu. Kunguru hawakuwahi kusahihisha neno tangu wajue kulia.

Kisha akageukia jumba lenyewe. Sehemu yake moja ilikwishaporomoka 2012. Komba akawa anapita usiku kwenye roshani, akigusa kuta, akisema wapi mvua imeingia ndani ya mawe na chokaa, nguzo ipi imekaa upande. Kunguru walikereka. Hawakusema kwamba ni uongo. Waliuliza: huyu ni wa wapi? Athibitishe uzawa wake!

Na waulizaji wenyewe, hawa kunguru wenye shingo ya kijivu, wazee wao waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji. Kuletwa si aibu. Unguja hii wengi wetu tumeletwa na pepo. Aibu ni kuingia kwa mlango ulio wazi, ukamfungia mwenzako.

Popo akavuka usiku mpaka kisiwa cha Changuu kutafuta ushauri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu Mzee Kobe. "Sisi tulitoka Shelisheli mwaka 1919, na hakuna aliyetutaka cheti. Lakini hayo unayoniambia niliyaona kwa binadamu. Mwishoni mwa 2002 walipata gazeti lao pale mjini, Dira, la mhariri Ali Nabwa. Liliuliza yasiyoulizwa. Mhariri akaambiwa si raia, na Novemba 2003 gazeti likapigwa marufuku."

"Siku hizi hawafungi magazeti tu, babu. Wanatoza ada."

"Nimesikia. Mwaka 2018, huko kwa binadamu wa mtandaoni, zilikuja kanuni za maudhui: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, milioni nyingine ya kila mwaka. Mwenye blogu anayeandikia chumbani kwake angezitoa wapi? JamiiForums, iliyokuwapo tangu 2006, ilijifunga mwezi wa Juni kwanza, ndipo ikarudi baadaye. Sasa nenda kamuulize komba swali moja: wanaomsikiliza ni wangapi, na wanaomlisha ni wangapi?"

Popo hajarudi, tangazo likatoka paani. Kila mwenye sauti ya usiku alete vichwa mia vya nguru kwa mwaka, la sivyo anyamaze. Komba akapiga hesabu: kila paka akitoa kichwa kimoja tu, kibali kinalipwa na chakula kinabaki. Akashuka mtini, akapita mlango kwa mlango.

"Mwanangu," akasema Bi Paka wa Shangani, "habari tangu lini zikauzwa?" Wa Darajani alikuwa na watoto watano na mwezi mbaya. Wa Mkunazini alimkumbatia, akalia machozi, akamwambia yeye ndiye fahari ya mji, akaingia ndani kula. Wa Ng'ambo alisema atatoa wenzake wakitoa.

Mmoja tu alikuwa tayari kulipa vyote mia, paka mnene wa hoteli moja ya pwani. Sharti lake lilikuwa dogo: pweza wa jana anayepashwa moto jikoni kwao asitajwe. Komba alikaa na vile vichwa mbele yake, na njaa ilikuwa inamuuma kweli. Akamshukuru, akaviacha.

Alirudi Jozani bila kuaga. Usiku wa kwanza paka walisema wamemkosa. Wiki ya pili wakazoea kunguru.

Tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele wa Beit al-Ajaib uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na binadamu wawili wakafariki. Kunguru waliruka mapema, wakatua juu ya Ngome Kongwe, na alfajiri wakatangaza kuwa hakuna aliyeweza kujua.

"Mbona hatukuambiwa?" wakalalamika paka, manyoya yakiwa meupe kwa vumbi.

"Tuliambiwa," akasema popo. "Ukuta kwa ukuta, nguzo kwa nguzo."

Bi Paka wa Shangani alikaa kimya kwa muda. Kisha akaingia uvunguni mwa meza yake, akatoka na kichwa cha nguru, akakiweka chini ya mkungu. Wa Ng'ambo akaleta chake, na wa Darajani akaleta nusu. Wa Mkunazini hakuonekana.

"Hivi ni vya komba, mwanangu," Bi Paka akamwambia popo. "Vipeleke Jozani. Mwambie arudi."

Popo akavihesabu, havikufika hata kumi. "Na vya mwezi ujao, bibi?"